UKIMKUMBUSHA MENEJA, MKUMBUSHE NA MFANYI KAZI

Ndugu wafanyi kazi,

Leo nataka kusema neno juu ya karatasi. Najua wengine mtacheka. Katika mikutano ya tawi kila mtu hupenda kusikia habari ya mshahara, na mtu akianza kutaja karatasi watu hutazama mlango. Lakini nimeona kwa macho yangu mwenzetu akipoteza haki yake, si kwa sababu sheria haikuwako, wala si kwa sababu meneja alikuwa mtu mbaya, bali kwa sababu karatasi moja ililala ndani ya faili mwaka mzima. Basi nisikilizeni kidogo.

Zamani nilifanya kazi katika shirika moja la umma ambalo sitalitaja jina. Tulikuwa na mwenzetu, fundi wa mabomba, mtu wa makamo na hodari wa kazi. Siku moja tulipokuwa tukiteremsha bomba la chuma ndani ya mtaro, mnyororo uliteleza, bomba likamkandamiza mkono wa kulia. Vidole viwili vilivunjika. Alikwenda kwa nyapara akamwambia, na nyapara alimhurumia kweli. Alitoa nauli mfukoni mwake mwenyewe, akamwambia, "Nenda hospitali, upumzike, utarudi ukipata nafuu."

Mwenzetu alirudi baada ya wiki sita. Vidole vilikuwa vimepona vibaya, havikunjiki. Hakuweza tena kushika spana kubwa. Akapewa kazi ya kufungua na kufunga lango. Mshahara wake wa msingi haukuguswa, lakini ovataimu ilikwisha, na malipo ya kazi za usiku yalikwisha, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya watoto wake.

Hakuna mtu aliyejaza fomu ya ajali. Nyapara alidhani ofisi itajaza. Ofisi haikuwa na habari. Na mwenzetu mwenyewe alidhani kwamba kule kuhurumiwa ndiyo haki yake yote.

Ulipita mwaka na zaidi, meneja akahamishwa. Karani akaniomba nimsaidie kupanga mafaili yapelekwe kwenye ofisi mpya. Katika faili moja nikaona barua iliyopelekwa kwa mameneja wote kutoka makao makuu. Iliwakumbusha kwamba kila ajali iripotiwe kabla siku saba hazijapita. Kwamba fomu zinapatikana katika ofisi ya wafanyi kazi. Kwamba kamati ya usalama ikutane kila miezi mitatu. Na kwamba aliyeumia aelezwe habari za fidia. Muhuri wa tarehe ulionyesha kuwa barua ilifika mwezi mmoja kabla mkono wa mwenzetu haujavunjika. Pembeni meneja alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Nimeona. Iwekwe kwenye faili."

Nilikaa chini. Barua ile ilikuwa nzuri. Haikukosa neno hata moja. Ilikosa kitu kimoja tu: kusomwa na yule iliyemhusu.

SHERIA YASEMAJE?

Yafaa tuelewe vema jambo hili, maana pengine litamkuta mmoja wetu kesho. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 inampa mfanyi kazi ruhusa ya kumwarifu mwajiri habari ya ajali kwa mdomo au kwa maandishi. Mwajiri akisha kujua, ana siku saba za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifa, habari hiyo yapasa kufika kabla saa ishirini na nne hazijapita. Kisha madai ya fidia yapelekwe kabla miezi kumi na miwili haijakwisha. Ikipita, madai hayatazamwi tena, isipokuwa kama ajali yenyewe ilikuwa imearifiwa kama sheria inavyotaka.

Mwaona, ndugu zangu? Ile taarifa ya ajali ndiyo ufunguo wa mlango. Aliyearifu na ushahidi anao, mlango wake haujafungwa hata akichelewa. Aliyenyamaza, au aliyesema kwa mdomo na neno lake likapeperuka, hubaki nje.

Chama kilipokwenda kumwuliza nyapara, alisema anakumbuka kutoa nauli, lakini hakumbuki siku wala mwezi, na hajui kama mtu aliumia kazini au njiani. Sidhani kwamba alisema uongo. Mwaka ni mrefu na nyapara ana watu wengi. Chama kiliandika barua nyingi zikaenda na kurudi. Mwisho wake mwenzetu alistaafu na mkono wake mbovu, bila hata senti moja ya fidia.

Tangu siku ile nina wazo moja, nalo ndilo ninalotaka kuliweka mbele yenu. Barua ye yote inayomkumbusha meneja wajibu wake kwa wafanyi kazi, hiyo pia ni barua ya wafanyi kazi. Siku inapofika mezani kwa meneja, siku iyo hiyo yapasa ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili, watu wote waione.

MAMBO AMBAYO MAMENEJA HUKUMBUSHWA

Mtu atauliza: ni mambo gani hayo makubwa? Nitayataja machache tu. Mwaka 2007 Bunge letu lilipitisha sheria tano za kazi kwa pamoja, na ndani yake yamo mambo mengi ambayo mameneja wa mashirika ya umma hukumbushwa mara kwa mara, kwa barua na siku hizi kwa barua pepe.

Kwanza, likizo. Sheria ya Kazi inasema mfanyi kazi akitimiza miezi kumi na miwili apewe likizo isiyopungua siku 21 za kazi, pamoja na mshahara wake wote. Mama akizaa apewe miezi mitatu kwa mshahara wote, na baba apewe wiki mbili. Lakini ni mara ngapi tumemwona kijana ambaye mkewe amejifungua, naye yuko zamu ya usiku kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna siku zake?

Pili, ugonjwa. Mtu akisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo, kwa kila mwaka ana siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Hicho ni kiasi cha chini kabisa. Mapatano ya chama yanaweza kuongeza, lakini meneja hawezi kupunguza.

Tatu, akina mama wanaonyonyesha. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na ampe mama nafasi ya kwenda huko, mbali na saa ya chakula, jumla isizidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Choo si mahali hapo. Mama aliyejificha nyuma ya stoo ya karatasi akikamua maziwa kwa haya hajui kwamba meneja wake amekumbushwa jambo hili.

Nne, heshima. Mahali penye wafanyi kazi ishirini au zaidi, mwajiri lazima atoe maandishi ya kukataza bughudha za kimapenzi kazini, baada ya kushauriana na wafanyi kazi au wajumbe wao. Tena sheria haisemi ayaandike tu. Inasema ayafikishe kwa kila mtu aliye chini yake, na maandishi yaeleze mtu atapeleka wapi malalamiko yake, na kwamba jina lake halitatangazwa ovyo. Sasa, msichana aliyeanza kazi juzi, akishikwa mkono na mkubwa wake penye ngazi, atapeleka wapi malalamiko kama maandishi yamo ndani ya sanduku la chuma na ufunguo anao mkubwa huyo huyo?

Tano, usalama. Mahali penye watu ishirini au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, wajumbe wa wafanyi kazi na wa mwajiri wakiwa sawasawa. Na mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, amwarifu msimamizi wake. Hatari hiyo ikiwa bado ipo, mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale mpaka jambo limetengenezwa. Hii ndiyo Sheria ya Usalama na Afya Kazini, si maneno ya mkutanoni.

Sita, kuachishwa kazi. Kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa, au kwa kushindwa na kazi, au kwa mwili kudhoofika, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na mtu huyo anaweza kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama hapo hapo. Tazameni maneno hayo: kwa lugha anayoifahamu. Sheria yenyewe imeona kwamba haki iliyosemwa kwa lugha usiyoijua si haki bado.

Na Katiba yetu ya 2010 inasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kwa hivyo hatuombi zawadi tunapoomba notisi ya Kiswahili. Twaomba ofisi ya umma itumie lugha ya umma.

HABARI YA SEMINA NA SIKU ZA AFYA

Siku hizi mashirika mengi ya umma yana mipango ya ustawi wa wafanyi kazi. Iko siku ya kupimwa damu na sukari. Yuko mshauri wa kuzungumza naye mtu akiwa na taabu ya moyo, au ya pombe, au ya nyumbani. Iko semina ya wanaokaribia kustaafu. Mimi sikatai mambo hayo, bali nayapenda. Nimemwona mtu aliyekuwa karibu kufukuzwa kwa ulevi, akaenda kwa mshauri, na leo ni mzee wa kanisa.

Lakini nataka kusema wazi jambo moja. Tangu 2004 mashirika ya umma yalipoanza kutia sahihi mikataba ya utendaji, kila meneja ameandikiwa mambo ya kutimiza, na mwisho wa mwaka huulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Jambo hilo lilikusudiwa kwa wema. Serikali ilitaka mkubwa ahesabiwe kwa kazi yake, na hata sisi twataka hivyo. Taabu ni kwamba ushahidi ulio rahisi kuliko wote ni karatasi ya mahudhurio. Basi semina inaitishwa saa tano, watu wanatia sahihi, wanapigwa picha, wanapewa soda, na meneja anaandika: semina imefanyika. Hakuna anayeuliza kama mfagiaji aliyeketi nyuma alielewa hata neno moja. Hakuna anayeuliza kama walinzi wa usiku, ambao saa tano mchana wamelala, waliambiwa.

Kuhesabu vichwa si kuhesabu kazi. Mpango wa ustawi upimwe kwa mambo yanayoonekana. Ajali ngapi zilitokea, na ngapi ziliripotiwa kwa siku zake? Watu wangapi walistahili likizo, na wangapi waliipata? Kamati ya usalama ilikutana lini, iliamua nini, na lililoamuliwa limefanywa? Hayo yakibandikwa ukutani kila miezi mitatu, hata asiye na elimu kubwa atajua kama shirika linaendelea mbele au linarudi nyuma.

Na habari ya mshauri, neno kwa wasimamizi. Mtu akienda kwake, yale aliyosema ni siri yake. Msimamizi asimwulize, "Ulimwambia nini?" Wala asimtanie mbele ya wenzake. Ukifanya hivyo mara moja tu, hakuna mtu mwingine atakayekwenda, na fedha za umma zilizolipwa kwa mpango huo zimemwagwa mtaroni.

MAMENEJA WATASEMA NINI?

Nataka kuwatendea haki mameneja, maana si vema kumsema mtu bila kuyasikiliza maneno yake.

Meneja wa kwanza atasema, "Barua za ofisi ni siri." Namjibu: faili la mtu binafsi ni siri, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda habari za mtu. Ugonjwa wa mtu, adhabu ya mtu, mshahara wa mtu, hayo yasibandikwe ukutani kamwe, na chama kitakuwa cha kwanza kupinga. Lakini barua inayosema "kila mtu apewe likizo yake" ina siri gani? Tena Katiba, kifungu cha 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Na Sheria ya Kazi inamwamuru mwajiri abandike taarifa ya haki za wafanyi kazi mahali pa wazi wanapoweza wote kuiona. Sisi hatuongezi mzigo mpya. Twasema sheria itimizwe mpaka mwisho wake.

Wa pili atasema, "Mkiwaonyesha haki zao watakuwa wajeuri, kila siku watakuja mlangoni." Bwana Meneja, mtu asiyejua haki yake ndiye anayekuja mlangoni kila siku, kwa sababu hajui aombe nini na kwa nani. Tena ndiye anayesikiliza uvumi. Nimeona mgomo mdogo ukianza kwa uvumi kwamba likizo zimefutwa, na barua ya kweli, ambayo ilisema jambo lingine kabisa, ilikuwa imelala mezani siku tisa. Karatasi moja ukutani ingaliwarudisha watu kazini kabla ya chai.

Wa tatu atasema, na huyu namhurumia, "Mimi nina barua arobaini kwa wiki. Nina maji ya kupeleka mjini, nina magari mabovu, nina wakubwa wanaonipigia simu usiku. Nikisahau moja ni kosa gani?" Hilo ni neno la kweli. Na kwa sababu hiyo hasa twasema usibebe peke yako. Ukiibandika barua, umepata watu mia mbili wa kukukumbusha bila mshahara. Fundi akiumia, mwenzake atasema, "Siku saba, Bwana, ukuta unasema." Mzigo wa mmoja umekuwa wa wengi, na aliyefaidika kwanza ni meneja mwenyewe, maana kuacha kuripoti ajali ni kosa la kisheria, na wakubwa wake watamwuliza yeye.

SISI NASI TUJITAZAME

Sasa, ndugu zangu, nikinyamaza hapa mtanipigia makofi, lakini nitakuwa nimewadanganya. Kosa si la wakubwa peke yao.

Ubao wa matangazo tunao. Nani anausoma? Nimeona ubao umejaa matangazo ya harambee, ya nyumba za kupanga na ya mpira, na notisi ya usalama imefunikwa chini. Nimeona kamati ya usalama ikiitwa kukutana, wajumbe wa mwajiri wamekaa, na wajumbe wetu hawapo kwa sababu mkutano hauna posho. Nimeona mtu akipewa glavu na buti, akaziuza sokoni, kisha akalia kwamba mwajiri hajali. Mtu wa namna hiyo anaitia aibu hoja ya chama.

Na wajumbe wa chama, sisi tunaochaguliwa kwa kelele nyingi, tunajua vifungu vingapi? Mjumbe asiyejua siku za kuripoti ajali ni kama dereva asiyejua breki iko wapi. Gari linakwenda vizuri mpaka siku ya mteremko.

Tusiwasahau pia wenzetu wasio na kadi ya chama: wafagiaji na walinzi walioletwa na kampuni za kandarasi, na vibarua wa siku. Wengine wetu husema, "Hao si wetu." Sheria ya usalama haisemi hivyo. Inamtaka mwenye mahali pa kazi alinde usalama wa watu wote wanaofanya kazi mahali pake. Klorini ikivuja haimwulizi mtu kama ni mwajiriwa wa kudumu. Notisi ikiwekwa, iwekwe na kwenye kibanda cha mlinzi, na mahali wafagiaji wanapoweka ndoo zao.

TUNATAKA NINI?

Oktoba 1962, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa Uhuru, serikali, waajiri na vyama vya wafanyi kazi walitia sahihi Mkataba wa Mahusiano ya Kazi. Kila upande ulikubali wajibu wake. Wazee wetu waliona kwamba ugomvi mwingi wa kazini hauanzi kwa chuki; huanza pale upande mmoja unapojua jambo na mwingine haujui. Wazo hilo halijazeeka. Kwa hivyo naomba matawi yote yalipeleke jambo hili kwenye meza ya majadiliano, tena kwa adabu na bila vitisho, na liwe na mambo haya manne.

Kwanza: barua yo yote ya kuwakumbusha mameneja habari za likizo, usalama, fidia, nidhamu, au mipango ya ustawi, ibandikwe siku ile ile kwa Kiswahili, nakala moja apewe mjumbe wa chama.

Pili: chini ya kila notisi paandikwe cheo cha ofisa anayehusika, mahali anapopatikana, na siku ya mwisho ya kutimiza jambo. Notisi isiyosema nani na lini ni mapambo ya ukuta.

Tatu: kila karakana, kila stesheni na kila ofisi ndogo iwe na daftari la ajali lenye kurasa zilizotiwa nambari. Aliyeumia, au mwenzake, aandike siku, saa na mahali. Nyapara atie sahihi. Daftari hilo kamati ya usalama ilitazame kila inapokutana.

Nne: semina zifanywe pia saa za watu wa zamu ya usiku, na kwa lugha wanayoielewa.

Mambo haya manne hayahitaji mkopo wa benki. Yanahitaji karatasi, gundi, kalamu na nia.

Na wakati tunapongoja majadiliano, kila mmoja wetu anaweza kuanza leo. Ukiumia, hata kama ni kidogo, usiridhike na pole. Mwarifu msimamizi, kisha andika kwenye karatasi mbili, moja mpe, moja atie sahihi ubaki nayo. Kama una simu, piga picha karatasi ile, na picha ya mahali ulipoumia. Mwambie mjumbe wako siku iyo hiyo. Kama hujui kuandika, mwombe mwenzako. Hakuna aibu katika kuomba, aibu ni kunyamaza na kupoteza. Cheti cha hospitali usikitupe, kiweke pamoja na kitambulisho chako. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee, na mkono wa mfanyi kazi ndiyo mali yake ya kwanza.

Yule mwenzetu wa mabomba nilimtembelea kwake mwaka mmoja baada ya kustaafu. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na nakala ya barua ile mfukoni, kwa kuwa niliona aibu kumficha. Nikamsomea kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Kumbe walijua?"

Nikashindwa kumjibu. Maana kujua walijua. Kumwambia ndiko kulikokosekana.

Ndugu wafanyi kazi, na nanyi Mabwana na Mabibi mameneja ambao najua huisoma karatasi hii yetu kimyakimya, tusimwache mtu mwingine aulize swali hilo. Ukimkumbusha meneja, mkumbushe na mfanyi kazi.

Wenu katika umoja,

Mjumbe wa Karakana